Sufuria Iliyozaa: Kuhusu Kusimulia Hadithi kwa Nyimbo Ambazo Watu Tayari Wanazijua

Kule Japani wana hadithi ya birika. Maskini mmoja anamkuta tanuki amenaswa mtegoni, anamwachilia. Tanuki ni mnyama wa jamii ya mbwa, macho yamezungukwa na weusi kama ya mtu ambaye hajalala tangu Jumatano, na Wajapani wanaamini ana kipaji cha kujigeuza. Basi usiku tanuki anamjia yule maskini: buda, uliniokoa, nataka kukulipa. Anajigeuza birika la kuchemshia chai. Maskini analiuza kwa mtawa wa hekalu. Mtawa analiweka motoni, na birika linapiga kelele, linachomoza miguu minne na mkia, linatimua mbio. Kujirudisha kuwa mnyama kamili linashindwa, kuwa birika kamili pia linashindwa. Basi wanakubaliana na yule maskini wafanye onyesho barabarani: birika lenye mkia likitembea juu ya kamba. Watu wanalipa, na maskini anatajirika. Hadithi inaitwa *Bunbuku Chagama*, na hekalu la Morin-ji, mji wa Tatebayashi, linahusishwa nayo hadi leo.

Sasa chukua hadithi hii uisimulie kwa nyimbo za jazi, lakini usitunge hata moja mpya. Tumia zile ambazo wanamuziki wa jazi huziita standadi, nyimbo ambazo kila mpigaji anazijua, ambazo bendi ya watu wasiowahi kuonana inaweza kuzipiga usiku huohuo bila mazoezi. Mtego una wimbo wake, hekalu lina wake, kamba ina wake. Wazo hili linaonekana mzaha mtupu. Mimi naona ni nadharia nzima ya namna kichekesho kinavyofanya kazi, na ningependa tuichukue kwa uzito huku kwetu, maana tuna malighafi yote na tumeiacha ikae.

Fikiria John Coltrane na "My Favorite Things". Wimbo ulianza kama wimbo mwepesi wa jukwaani, katika *The Sound of Music* ya mwaka 1959. Coltrane akaurekodi mwaka 1960, akaunyoosha ukapita dakika 13, saksafoni ikizunguka juu ya piano kama kitu kinachotafuta mlango. Lakini kila mara ule wimbo wa jukwaani unachungulia. Unalijua birika, na unauona mkia. Ungesikia birika peke yake, hakuna jipya. Ungesikia mkia peke yake, ungeuliza huyu jamaa anapuliza nini. Raha iko pale unapoona vyote viwili kwa pamoja, na huwezi kuviona kama hukuja na wimbo kichwani.

Hapo ndipo msikilizaji anapokuwa mshiriki. Mchekeshaji anayeanza na kitu usichokijua lazima akueleze kwanza, na kichekesho kikielezwa kinakufa. Anayeanza na wimbo unaoujua anahitaji noti tatu tu. Wewe mwenyewe unamalizia, kisha yeye anakukata pale ulipotarajia. Unacheka kwa sababu umekamatwa ukitarajia.

Wajapani wenyewe wanalijua hili zamani. Sanaa yao ya rakugo ni msimulizi mmoja ameketi kwenye mto, ana kipepeo na kitambaa, anasimulia vichekesho ambavyo wengi ukumbini wanajua mwisho wake. Hakuna anayekuja kusikia mwisho. Wanakuja kusikia huyu leo anafikaje huko. Na tanuki wao aliingia kwenye sinema ya muziki mapema: Keigo Kimura alitengeneza *Tanuki Goten* mwaka 1939, na mwaka 2005 Seijun Suzuki, mzee wa zaidi ya miaka 80, akairudia hadithi ya kasri la tanuki akiwa na Zhang Ziyi na Joe Odagiri, muziki ukiruka mtindo hadi mtindo bila kuomba radhi. Kati ya hizo mbili ilipita vita, na katika vita serikali ya Japani iliipiga marufuku jazi kama muziki wa adui. Kwa hiyo tusidhani nyimbo zinazojulikana ni kitu cha kuchezea tu. Serikali nazo zinajua kwamba wimbo ulioko kichwani mwa watu wengi ni mali ya hatari.

Standadi zetu ziko wapi?

Afrika Mashariki tulilipenda neno "jazz" kuliko jazi yenyewe. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Victoria Jazz, Shirati Jazz ya D.O. Misiani: ukienda kutafuta Duke Ellington humo utarudi mikono mitupu. Utakuta gita, rumba, benga. Neno lilimaanisha bendi ya kisasa, ya mjini, yenye ala zinazong'aa. Standadi tunazo, ila tuliziita jina jingine. Tuliziita zilizopendwa.

Hebu liangalie hilo neno. Halisemi nyimbo nzuri, wala nyimbo za kale. Linasema watu walizipenda. Cheo chake kinatoka kwa wasikilizaji. "Malaika", ambayo Fadhili William aliirekodi na Miriam Makeba akaizungusha dunia. "Sina Makosa" ya Les Wanyika, 1979. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, 1982. Huku kwetu ongeza benga ya Christopher Monyoncho, ambayo ukiwasha Egesa FM jioni ndani ya matatu ya kutoka Kisii, mogaka aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma anafungua macho. Hatukufundishwa nyimbo hizi. Tumezipata kwa kuishi karibu na redio ya mtu.

Hii ndiyo mali ambayo jukwaa letu halijaitumia ipasavyo, na si kwamba hakuna aliyewahi kuonyesha njia. Mwaka 1977 pale Kamirithu, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ pamoja na wanakijiji walitengeneza *Ngaahika Ndeenda*. Watu huikumbuka kwa siasa, na ni sawa. Wanachosahau ni kwamba tamthilia ile inachekesha. Kĩgũũnda na Wangeci, watu waliokaa kwenye ndoa miaka mingi, wanaambiwa na tajiri Ahab Kĩoi na mkewe Jezebel kwamba hawajaoa bado, mpaka waende kanisani. Na nyimbo zake nyingi hazikuwa ngeni: za arusi, za mapambano, za kidini, zilizokuwa tayari midomoni mwa watu. Wimbo wa dini ukiimbwa na mtu anayepigia hesabu shamba la jirani, hakuna haja ya maelezo. Hadhira iliujua wimbo kabla ya kumjua mhusika, na ilijua kabisa ulipokuwa unapindishwa. Onyesho lilifunguliwa Oktoba 1977, leseni ikafutwa Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa. Tamthilia hiyo ilirudi Kenya National Theatre mwaka 2022, miaka 45 baadaye. Nyimbo zilizojulikana ndizo zilizofanya watu wasiwe watazamaji tu, na naamini hilo liliwaogopesha wenye mamlaka kuliko hotuba yoyote ndani yake.

Weka kando yake mfano wa pili, *Tinga Tinga Tales*. Mfululizo ule wa katuni, vipindi 52, ulitengenezwa na Tiger Aspect ya Uingereza pamoja na Homeboyz ya Nairobi, ukaanza kuonyeshwa CBeebies mwaka 2010, ukichukua sura yake kutoka kwa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Kwa nini Kiboko hana nywele, kwa nini Nyoka hana miguu, kwa nini Mbu hupiga kelele sikioni. Hadithi za kuchekesha za wanyama, na muziki ndani yake. Eric Wainaina alihusika na muziki huo, baadaye akautengenezea onyesho la jukwaani, ambalo mwaka 2018 lilifika New York, ukumbi wa New Victory.

Kazi ni safi. Rangi zinakubembeleza, mdundo unashika. Lakini nyimbo zilitungwa upya, ili mtoto wa Leeds na mtoto wa Lang'ata wazisikie kwa usawa, na usawa huo una bei. Mtoto wa Lang'ata hakuja na chochote ambacho yule wa Leeds hana. Hakuna siri kati yake na jukwaa. Anacheka kwa sababu kiboko anachekesha, hapati kile kicheko kingine cha "haya, nimewajua, najua mmeutoa wapi huo wimbo". Siwalaumu watengenezaji, hiyo haikuwa kazi yao. Ila kuna jambo limetokea pembeni. Waliokuwa na miaka mitano mwaka 2010 sasa wana ishirini na ushei. Imba wimbo wa ufunguzi wa *Tinga Tinga* kwenye hosteli yoyote uone watakaoitikia. Wimbo uliotungwa upya umekwisha kuwa zilizopendwa ya kizazi kimoja. Standadi huzaliwa hivyo, na anayesema nyimbo za kale tu ndizo zinafaa hajaelewa hoja.

Sufuria

Hadithi ambayo ningeitaka kwa kazi hii si ya birika. Ni ya ndugu yake wa pwani, ile ya Abunuwasi.

Unaijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha na kisufuria kidogo ndani. Hiki nini? Sufuria yako imezaa. Jirani anaangalia huku na huku, anapokea. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi. Jirani anamfuata. Pole sana, sufuria imekufa. Tangu lini sufuria ikafa? Tangu ile siku ilipozaa, na wewe ukakubali.

Linganisha na birika. Vyombo vyote viwili vya jikoni vinapata uhai, vyote vinaleta mali. Lakini birika linafanya kazi: linatembea juu ya kamba, watu wanalipa kiingilio, mapato yanaonekana yanatoka wapi. Sufuria inazaa tu. Hakuna anayeuliza imezaaje, kwa sababu jibu lingemnyima jirani kisufuria chake. Abunuwasi hakumdanganya jirani siku ya pili. Alimdanganya siku ya kwanza, kwa kumpa faida.

Sasa niambie kama hii ni hadithi ya watoto. Mwaka 2009 Watanzania walikuwa wakipanga foleni "kupanda mbegu" DECI, wakingoja mavuno. Kenya ya 2006 na 2007 ilijaa miradi ya upatu wa aina hiyo. Leo inakuja kwa simu, kwa grupu la WhatsApp, na msee mwenye picha ya gari la kukodi. Unaweka elfu moja, wiki ijayo unarudishiwa na kisufuria juu. Unaweka elfu ishirini, unaambiwa mfumo umekufa, pole sana. Mradi wa kwanza ulikuwa halali kwako kwa sababu ulizaa. Hadithi hii ya kale imelieleza hilo kwa sentensi chache kuliko onyo lolote la benki kuu.

Basi tuiimbe kwa zilizopendwa. Abunuwasi anabisha hodi kwa jirani kuazima, na gita linaanza "Malaika", wimbo wa mtu aliyeshindwa na umaskini. Nusu ya ukumbi imeshamhurumia kabla hajasema kitu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu tumemhurumia tapeli. Sufuria inarudi na mtoto, na bendi inaingia "Jambo Bwana", wimbo wa kumkaribisha mgeni na kumwambia asiwe na wasiwasi nchi hii. Kila aliyewahi kuombwa pesa na mtu mwenye tabasamu pana ataujua ujumbe huo. Jirani anakuja kudai, uso umekunjamana, na kabla Abunuwasi hajafungua mdomo, ule mstari wa gita wa "Sina Makosa" unapigwa. Hahitaji kuimba. Jina la wimbo limeshatoa utetezi wake wote. Anaweza kukaa kimya akapepea.

Kati ya hapo kuna tukio ambalo hadithi ya pwani inaliruka na ambalo mtu wa Nyamira hawezi kuliruka: matanga. Sufuria ikifa Gusii, lazima izikwe, na mazishi yana kamati, ina mwenyekiti, ina mweka hazina. Kuna hema la kukodi. Kuna sufuria nyingine zimeazimwa kupikia wafiwa. Na jirani mwenye marehemu lazima achange. Anachangia mazishi ya mali yake mwenyewe iliyoibwa, mbele ya watu, jina likisomwa na kiasi kikitajwa. Wimbo? Wimbo wa maziko kutoka *Nyimbo za Kristo*, ambao kila Msabato wa huku anaujua kwa moyo, uimbwe kama ulivyo. Usibadilishe neno hata moja. Usiwape waigizaji ruhusa ya kutabasamu. Jeneza dogo, kifuniko cha alumini juu.

Najua wako watakaotoka ukumbini. Huku msiba hauchezewi, na ninawaelewa. Lakini kicheko hicho hakimlengi marehemu wala Mungu. Kinalenga orodha ya michango, ile aibu ya kusomwa jina, ule uwezo wa jamii kukulipisha kwa huzuni. Kamirithu walichukua nyimbo za kanisa kwa sababu hapo ndipo nguvu za watu zilipokuwa zimefungiwa. Ukiogopa kugusa wimbo ambao watu wanaupenda kweli, utabaki na nyimbo ambazo hawazijali, na hapo hakuna atakayekasirika wala kucheka.

Nani anacheka?

Katika Ekegusii hadithi ni omogano, nyingi ni emegano, na omogano mzuri una wimbo ndani. Msimulizi anafika mahali anaimba, wasikilizaji wanaitikia, hadithi inaendelea. Wimbo unajulikana. Ukichelewa kuitikia, omong'ina anakuangalia kama mgeni. Muundo wa kusimulia kwa standadi, kwa hiyo, hatuuleti kutoka New Orleans wala Tokyo. Ulikuwa jikoni. Hata ala tunayo: obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito inayokwaruza tumboni. Kama sufuria ingekuwa na sauti, ingekuwa hiyo.

Kilichobadilika ni msikilizaji. Omogano siku hizi unauona zaidi kwenye tamasha za shule za drama na muziki, na hapo wimbo umekuwa kitu cha kutafutia alama. Wanafunzi wamevaa majani ya migomba na sisal, wanaimba vizuri kupita kiasi, na majaji hawaelewi lugha, na mara nyingine waimbaji pia hawaielewi, wameikariri. Niliwahi kukaa kwenye ukumbi wa namna hiyo. Msimulizi alifika kwenye kichekesho, wimbo ukapigwa, watu mia kadhaa wakakaa kimya kwa heshima. Mtu mmoja tu alicheka, mpishi aliyesimama mlangoni na mwiko. Ni yeye pekee aliyekuwa na birika, sisi wengine tulionyeshwa mkia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kuhifadhi nyimbo za asili zikiwa safi. Zikihifadhiwa bila wanaozijua, zinakuwa kama birika la hekalu ndani ya kioo. Vilevile sikubaliani na wale wa "zilizopendwa ni za wazee, sisi tuna gengetone". Sawa, weka gengetone. Swali ni moja tu: noti tatu zikipigwa, je, ukumbi unamalizia? Kama ndiyo, unayo standadi, itumie. Onyesho zuri la sufuria lingekuwa na Monyoncho kwa ajili ya mogaka, *Tinga Tinga* kwa ajili ya mdogo wako, na ngoma ya mwaka jana kwa ajili yako, na kila mmoja angecheka wakati wake na kuuliza mwenzake "kwani umecheka nini?". Swali hilo likiulizwa ndani ya matatu ya kurudi nyumbani, kazi imefanyika.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni la pesa. Hadithi ya Abunuwasi haina mwenyewe. Nyimbo zinao. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na "Malaika" yenyewe imebishaniwa umiliki wake kwa miongo, huku wanaoiimba hotelini wakiwa hawajui hata majina yanayotajwa. Wengi wa waliotupa zilizopendwa walizeeka bila kitu. Kwa hiyo atakayefanya onyesho hili, Kisii au Nairobi, aombe ruhusa, alipe, na ataje majina kwa sauti kabla ya gita la kwanza. La sivyo onyesho lote litakuwa mfano wa hadithi yake lenyewe: ameazima sufuria kwa mzee wa watu, amepikia umati, na kesho atamwambia imekufa. Ukiazima wimbo, urudishe na mtoto wake ndani.